Tulivyokwenda Mungaa Kutafuta Kinachomdhuru Anjela

Tuliondoka Morogoro kwa sababu binti yangu Anjela, wa miaka sita, alikuwa akila chakula kilekile tunachokula wote, kisha yeye peke yake anavimba midomo. Wiki hii anavimba, wiki ijayo hana neno. Tulimwachisha mayai, tukamwachisha maharage, samaki na maziwa, mpaka sahani yake ikabaki na wali na mchicha, na bado vipele vilimtoka. Hospitali walisema ni mzio, lakini mzio wa nini, hakuna aliyejua. Ndipo mama yangu, anayeishi Mungaa, akapiga simu akasema nimlete mjukuu wake nyumbani, huenda kuna mwiko wa ukoo tunaukanyaga bila kujua. Mimi ni fundi umeme, mambo ya miko siyajui. Ila nilikuwa nimefika mahali ambapo hata ningeambiwa nimpeleke mwezini, ningeuliza basi linaondoka saa ngapi. Mke wangu alibaki na mtoto mchanga, sisi wawili tukapanda basi la alfajiri.

Dodoma tulishuka kula. Nilimwagizia Anjela wali mtupu, mimi nikachukua wali maharage, nikaenda kunawa. Kurudi, nikamkuta anafuta mchuzi mdomoni na sahani yangu haina hata punje moja ya maharage. Nilimpandisha kwenye basi huku nimemkazia macho, nikisubiri midomo ianze kujaa. Tulifika Manyoni, tukaipita, na mtoto alikuwa ananihesabia mbuzi dirishani. Hakuna kilichovimba. Nilishindwa hata kufurahi, maana maharage tulikuwa tumemnyima kwa muda mrefu sana.

Ikungi tuliteremka mchana, tukachukua bodaboda mpaka Mungaa. Mama alitupokea uani na khanga yake ya sherehe. Nikamwamkia, Anjela naye akamshika bibi yake kichwa kwa shikamoo, na kabla hatujakaa vizuri jogoo alikuwa ameshakamatwa. Kuku hakuwa kwenye orodha ya tulivyomkataza, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Mama alimkaanga akawa mwekundu, harufu ikajaa uani kote.

Anjela hakumaliza paja. Alianza kujikuna shingo, midomo ikajaa, kisha nikasikia kifua kinatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nilimbeba nikatoka mbio bila viatu. Kijana wa bodaboda alikuwa bado anazungumza na jirani, akatupeleka zahanati, muuguzi akamchoma sindano. Pumzi ilirudi taratibu. Mama, aliyetufuata kwa miguu, alifika akiwa analia waziwazi.

Asubuhi yake nilimkuta Mama uani anatayarisha alizeti ya kupeleka mashineni kukamua mafuta. Kwetu karibu kila nyumba ina alizeti, na Mama hutuletea dumu la mafuta kila msimu. Alikuwa anamimina mbegu kwenye gunia. Kisha akavuta beseni la karanga zilizomenywa, akazimwaga humo humo. Nikadhani amekosea gunia, nikamwambia anachanganya.

Mama akacheka kidogo. "Sikosei, Baba Anjela. Ya kuuza nakamua alizeti tupu. Haya ya kwenu, na ya jikoni kwangu, natia karanga, yanukie na yawe na nguvu. Tangu huyu mtoto aanze kula, ndiyo nazidisha."

Anjela hajawahi kula karanga. Tangu mdogo alikuwa akizitema, sisi tukasema ni maringo ya mtoto wa mjini, tukaacha kumpa. Kwa kuwa halagi, hatukuwahi kuzifikiria. Na mafuta ya Mungaa tulikuwa tunayabana, tunamtunzia yeye.

Nilimpigia mke wangu. Nilimweleza habari ya karanga.

"Kila akiumwa," alisema, "ndiyo nilikuwa namkaangia kwa hayo."

Kumwambia Mama kulikuwa kugumu zaidi. Nilimweleza polepole, nikizunguka, lakini yeye si mtu wa kuzungushwa. Aliketi kwenye kigoda, akaangalia lile gunia.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Hukujua, Mama."

"Sijakuuliza kama nilijua."

Habari ya mwiko wa ukoo haikutajwa tena.

Singida Mjini tulikwenda wote watatu kumwona daktari. Alisikiliza habari yote, akasema dalili zinaelekeza kwenye karanga, akatuandikia vipimo vya kuhakikisha na dawa ya kukaa nayo karibu. Vyakula vingine tutavirudisha kimoja kimoja, kwa uangalizi. Akaonya kwamba kwa mtoto kama huyu tone la mafuta linatosha, kijiko kilichogusa karanga kinatosha, hata mkono uliotoka kumenya karanga unaweza kumdhuru. Mama alikuwa ameweka mikono mapajani. Aliposikia hayo, aliificha ndani ya khanga.

Stendi, wakati tunasubiri basi la kurudi, niliwaza jinsi tulivyohangaika. Kila mara niliuliza mtoto amekula nini. Hata siku moja sikuuliza kimepikwa na nini, kwa sababu kilichotoka kwa mama yangu sikuona haja ya kukiuliza. Sasa nauliza kila kitu, hata kwa watu ninaowapenda, na hasa hao.

Dereva alipowasha basi, Anjela alimkimbilia bibi yake kumuaga. Mama akarudi nyuma, mikono ameiinua juu kama mtu aliyekamatwa, akamwambia asubiri. Alikuwa amenawa nyumbani, akanawa tena kwa daktari. Akaomba maji na sabuni kwa mwanamke anayeuza chai pale, akainama, akaanza kusugua ukucha mmoja mmoja. Kondakta akapiga kelele kwamba tunawachelewesha abiria. Nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja chini, nikamwambia gari haliondoki mpaka bibi amkumbatie mjukuu wake.