Suti ya Baba Kwenye Uzio wa Shule

Harufu ya majani yaliyolowa mvua bado inanichoma uso. Kila Oktoba, majirani zangu hapa Buffalo wanapoanza kupanga maboga vibarazani, mimi hurudi Louisville, mtaa wa Newburg, nikiwa na miaka kumi na aibu imenijaa mpaka masikioni.

Hatukuwa na muda mrefu tangu tutoke kambi ya wakimbizi Tanzania. Mwalimu alituambia kila mwanafunzi alete nguo kuukuu kutoka kwao. Tungezijaza majani makavu, tutengeneze sanamu za kutishia ndege, kisha tuzipange kwenye uzio wa shule kuwa mapambo ya msimu. Nilimweleza mama kwa makini, maana mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi.

Mama alifungua kabati, akabaki amesimama. Niwaambie ukweli, kwetu nguo haikupewa nafasi ya kuzeeka. Shati la baba lilishuka kwa kaka, likanifikia mimi, likawa nepi ya mdogo wetu, likaishia kudeki sakafu. Zote zilikuwa kazini. Iliyokaa bure ilikuwa moja tu, suti ya kijivu ya baba, ambayo wiki nzima ilining'inia ikingoja ibada.

"Mama, si hiyo," nilisema. "Wanataka iliyochakaa."

"Iliyochakaa si umeivaa?" alinijibu. "Hii Jumapili itakuwa imerudi."

Baba alikuwa anafunga viatu aende kazini kwake, kwenye ghala la mizigo. Alisema shule ikiagiza hakuna mjadala. Kambini tulizoea hivyo: ofisi ikisema leteni, mnaleta. Basi mama akaipiga pasi suti, na tai akaongeza.

Hebu fikirieni wenyewe. Uzio mzima ni kaptula zilizotoboka na mashati ya viraka, halafu katikati kasimama bwana mmoja wa suti, tai shingoni, kitambi cha majani. Watoto walimbandika jina la Meya. Wakipita walimpigia saluti, kisha wananigeukia mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili suti haikurudi, kwa kuwa mapambo yalitakiwa kukaa mpaka msimu uishe. Mama alitaka kwenda kuidai, baba akakataa. Katika kanisa letu, ambako hata mwenye suti moja huivaa kama ana kumi, baba aliingia na jaketi lake la ghalani lenye mistari inayong'aa. Mchungaji akamuuliza, kwa utani tu, suti imekwenda wapi. Baba alijibu kwa sauti iliyofika mpaka tulipokaa watoto.

"Iko shuleni, mchungaji. Binti yangu ana kazi nayo."

Watu walicheka. Mimi nilijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Nilidhani anajitetea, na nilimwonea aibu baba yangu mbele ya kanisa zima.

Suti ilirudi imenyeshewa mpaka imechoka. Mama alipoifua ikasinyaa, mikono ya suti ikaishia juu ya vifundo vya baba. Baba aliendelea kuivaa hivyo hivyo, na ndiyo aliyovaa siku nilipohitimu chuo. Pale kwenye maegesho, kabla hatujaingia ukumbini, nilimwambia kwamba nikipata kazi nitamnunulia nyingine. Kwa kweli nilikuwa natazama mikono ile mifupi ya suti, nikiwaza wenzangu watasema nini.

Baba alijipangusa kola.

"Mimi darasani sikuwahi kukanyaga," alisema. "Lakini suti yangu imekaa shule mwezi mzima. Unataka niiache leo?"

Nikakumbuka lile jibu lake kwa mchungaji, nikalisikia upya. Hakuwa anajitetea hata kidogo. Alikuwa anajivunia mimi, mbele ya watu wote, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kitabu cha nyimbo.