Nyama Iliyochujwa Mafuta

Nikipita hoteli yoyote inayokaanga nyama ya kusaga na karoti, narudi jikoni kwa tajiri huko Loresho, alikopika mama kwa mshahara, mimi nikimfuata. Daktari alikuwa amemkataza mtoto wa tajiri wake mafuta. Jioni moja mama aliichuja ile nyama, akaitia ndani ya mkate, akaupuliza upoe.

"Kula, kipenzi changu," akamwambia yule mtoto.

Mimi hakuwahi kuniita hivyo.

"Na mimi, mama?"

"Wewe tumbo lako ni la chuma. Ngoja nyumbani."

Nyumbani Mutuini alikaangia mboga za sukuma mafuta yale yaliyochujwa, aliyokuja nayo. Ndugu zangu waligombania sufuria. Mimi nilikaa kando.

"Mbona huli? Unaumwa?" Mama akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

Sikuwa naumwa popote. Nilifumba macho, nikasema ndiyo.