Bodi Iliyoanikwa kwenye Wavu wa Omena

Nilitoka Mombasa Jumamosi jioni nikafika Homa Bay Jumatatu alasiri, na njia yote hiyo nilikuwa nimepakata monita. Vipande vingine vya kompyuta vilikuwa ndani ya sanduku langu la shule, vimefungwa kwa shuka na fulana. Diski ilikuwa ndani ya soksi. Basi liliharibika Voi, tukalala kando ya barabara, na kondakta akaniambia mara mbili kwamba ningekuwa muungwana ningewawashia abiria mpira. Nikamwambia hii si televisheni.

"Sasa ni ya nini?" akauliza.

Nikaipakata upya, nikageukia dirisha.

Vipande hivyo nilivikusanya mwaka mzima katika chuo kimoja cha kompyuta nilichokuwa nikifagia. Mashine ikifa, mkufunzi alinipa kilichobaki kizima. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nimemaliza kidato cha nne, nimeshahama miji mitatu bila kudumu hata katika mmoja. Homa Bay ndiko alikozaliwa baba. Nilijiambia hapa nitakaa.

Nilifikia kwa dada ya marehemu baba. Nilimwita Waya, kama Waluo wanavyomwita shangazi. Alikuwa mjane, Msabato asiyetania, na aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kiluo changu kilikuwa cha mtoto wa Mombasa, cha kusalimia tu, kwa hiyo aliongea nami kwa Kiswahili chake. Ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyopakana na kanisa lao. Shule hiyo ilikuwa imeletewa printa na wafadhili, bila kompyuta, na printa ilikuwa stoo, imefunikwa gunia.

"Niletee mtihani wa darasa la nane umechapwa, Jumatatu asubuhi," mwalimu mkuu alisema. "Ukiweza, wewe ndiye karani wetu, na chumba kipo. Ukishindwa, kuna kijana wa Kisii ana mashine yake tayari."

Basi kazi, chumba, na sababu ya kutofunga virago tena, vyote vikawa ndani ya lile sanduku lililonuka soksi.

Jumatano niliunganisha kila kitu kwenye meza ya Waya, nikachomeka. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi, na mashine ikaanza kulia, mlio mrefu baada ya mlio mrefu. Mlio ule niliujua: memori imekufa. Niliisugua kwa ufutio, nikaichomoa na kuirudisha mpaka vidole vikauma. Waya akapita na karai lake.

"Hiyo kitu inalia kama mbuzi imefungwa mbali na mama yake. Si uipatie inachotaka?"

Ilichotaka kilikuwa Migori, kwa fundi wa redio aliyesemekana kuwa na mabaki ya kompyuta. Alhamisi nikaenda, nikakuta kibanda kimefungwa. Fundi yuko mazishini. Ikabidi nilale. Ijumaa alitokea saa nne, bila haraka, akanitafutia memori ndani ya kopo la maziwa ya unga.

"Omera, ndugu yangu, bodi yenyewe iko wapi tuijaribu?"

Nikasema nimeiacha nyumbani.

"Umekuja kununua kiatu umeacha mguu nyumbani," akasema, akapokea pesa yake na kufunika kopo.

Nilirudi Homa Bay jua likikaribia kuzama. Meza ilikuwa tupu, imetandikwa kitambaa cheupe. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Juu ya bati la banda la kuku kulikuwa na wavu wa kuanikia omena. Omena zilikuwa zimeanuliwa. Iliyobaki ni bodi yangu, ile sahani ya kijani inayobeba vipande vyote, inachuruzika maji.

"Nimekuoshea," alisema Waya. "Leo ni Maandalio. Siwezi ingiza Sabato na vumbi ya Mombasa kwa nyumba."

"Umeiosha na nini?"

"Sabuni ya kufua. Na mswaki, hapo kwa vishimo-vishimo."

Nilijua kwamba kila Ijumaa alipika, akafua na kusugua sufuria mpaka jua lizame, maana baada ya hapo hakugusa kazi mpaka jua la Jumamosi lizame. Nisichojua ni kwamba bodi yangu nayo ni sufuria. Nikainyakua kutoka kwenye wavu, nikaanza kuipangusa kwa shati. Nilitaka kuiwasha papo hapo, nijue moja.

"Rudisha," akasema. "Jua imeingia."

"Waya, Jumatatu ndiyo hii."

"Jumatatu ni ya mwalimu. Kesho ni ya Mungu. Hapa kwangu hakuna fundi siku ya Sabato. Ilianikwa kabla jua iingie, itaanuliwa jua ikiingia tena."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha, hiyo pia ni ya Mungu."

Jumamosi nilikaa kanisani karibu naye, macho dirishani. Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa ziwa. Watoto wakasema mafungu yao ya kukariri, wazee wakaomba kwa zamu, na mimi nikalichukia lile wingu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Halikunyesha. Mchana tulikula chakula kilichopikwa jana, na nje jua likawaka mpaka bati likawa linalia. Sikusema neno hadi jioni. Yeye hakujali.

Jumapili asubuhi niliipanga tena bodi na memori ya Migori, nikachomeka. Mlio mmoja, mfupi. Kisha herufi nyeupe kwenye kioo.

"Imenyamaza," alisema Waya mlangoni.

"Ndiyo."

Akangoja kidogo, kisha akaenda zake. Hasira ya siku mbili ilikuwa bado haijanitoka.

Jumatatu mtihani ulichapwa. Mwalimu mkuu aliinama, akanusa. "Karani, mashine yako inanuka samaki."

Miaka miwili ilinuka hivyo, kila ilipopata joto.

Baadaye nilimsimulia fundi wa Migori, nikitarajia anionee huruma. Alicheka, kisha akaacha.

"Uliiwasha lini?"

"Jumapili."

"Ungeiwasha Ijumaa ungeniletea majivu. Maji hujificha chini ya zile chipu. Ni ile siku nzima ya jua imekuokoa."

"Lakini ni yeye aliyeilowesha."

"Na ni yeye ameikausha. Unataka nini tena?"

Nilikusudia kumwambia Waya kwamba Sabato yake ndiyo iliyoiokoa mashine. Kila wiki nilikusudia. Halafu miguu ikaanza kuniwasha, kama ilivyoniwasha katika miji mingine, nikaiachia shule kompyuta na kufunga sanduku. Niliondoka Jumapili, kwa sababu Jumamosi, siku ya Sabato, asingetoka kunisindikiza. Alinisindikiza mpaka stendi na kifurushi cha omena.

"Ile mashine," alisema, "niliiharibu?"

"Hukuiharibu, Waya."

"Sasa mbona ulininunia?"

Utingo alikuwa ameshapandisha sanduku langu juu, ananiita. Nikapokea omena, nikapanda. Sikurudi tena.