Mwisho wa Fundi Aliyekwenda Mwezini

Msimamizi wangu aliandika neno moja tu pembeni mwa sura ya nne: "Chanzo?" Alilikandamiza kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka. Nilikasirika. Sura ile niliipenda kuliko zote, na ndiyo iliyobeba hoja ya tasnifu nzima.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu ameruhusiwa biashara yake. Walimu wenzangu pale Morogoro mjini walifuga kuku wa mayai, wengine waliuza mitumba, na mimi nikitoka darasani nilikuwa nahangaika na shahada ya pili kuhusu historia ya hadithi za kisayansi katika magazeti ya Kiswahili. Katika chumba cha walimu walinitania: "Mwenzetu yuko mwezini, akishuka tutamuuzia mayai." Nilicheka nao, ila moyoni nilinuna. Kwenye vibanda vya magazeti kila wiki lilitokea gazeti jipya, limejaa mapenzi na ujambazi. Hakuna aliyeonekana kukumbuka kwamba sisi nasi tuliwahi kuandika kuhusu vyombo vya angani na mashine zinazofikiri. Mimi nilikumbuka, kwa sababu nimelelewa nazo.

Baba alikuwa karani wa ghala la ushirika kijijini kwetu, Matombo. Lori lililokuja kuchukua ndizi na mdalasini lilimletea gazeti la wiki. Jioni watu walikaa kwenye baraza la ghala naye akawasomea hadithi iliyokuwa ikitoka kwa mfululizo, ya fundi baiskeli mmoja aliyejiundia chombo akaenda mwezini. Waliojua kusoma na wasiojua walikaa pamoja, na ole wake atakayekohoa.

Mwisho wake ninaukumbuka vizuri, ingawa nilikuwa bado shule ya msingi. Siku hiyo Baba alisoma amesimama, gazeti kalishika kwa mikono miwili, miwani iko mfukoni mwa shati. Fundi alishuka na chombo chake kwenye shamba la migomba, kikazama kwenye tope, wanakijiji wakakivuta kwa kamba. Mama yake akamwangalia kuanzia juu mpaka chini, akamuuliza: "Umekula?" Watu walipiga vigelegele utadhani harusini.

Sura ya nne ilihusu swali hilo la mama. Nilidai kwamba wakati hadithi za aina hii huko kwingine huishia kwa kuteka dunia mpya, ya kwetu ilimrudisha msafiri nyumbani, ikampa chakula. Nilijenga nadharia nzima juu ya sahani ya ugali, na niliiamini.

Basi nikaenda Dar es Salaam, kwenye maktaba ya chuo, kutafuta toleo lenyewe. Majalada ya gazeti lile yalikuwepo, yananuka mende. Nilimfuata fundi wiki baada ya wiki mpaka nikamkuta amekaa juu ya jiwe huko mwezini, mafuta yamemwishia. Chini pameandikwa "Itaendelea." Wiki iliyofuata mahali pake pana tangazo la mbolea. Nilifunua jalada lote, kisha la mwaka uliofuata. Karatasi zilikuwa adimu enzi zile na kurasa za magazeti zilipunguzwa. Hadithi ilikatwa pale, wala haikuendelea tena.

Nikapanda Matombo na hasira zangu. Ghala la ushirika lilikuwa limeshageuka duka la mtu, linauza soda na betri. Baba nilimkuta nyumbani, barazani, anakwangua maganda ya mdalasini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeipata ile ya mwisho?"

Swali hilo aliniuliza kila nilipokwenda tangu nianze masomo yale. Nilidhani ni mzee anayetamani ujana wake.

"Haipo, Baba. Wewe uliisoma wapi?"

Alimaliza ganda alilokuwa nalo, akaweka kisu chini.

"Sikuisoma," alisema. "Gazeti lilikuja halina hadithi. Nikawaambia watu tusubiri. La pili likaja hivyo hivyo. Unamkumbuka yule mama wa nyumba ya juu, kule mteremkoni? Mwanawe alikuwa vitani. Kila jioni ananifuata: 'Karani, yule kijana atarudi?' Sasa ningemwambia tangazo la mbolea? Siku moja nikafungua gazeti nikamrudisha."

Ndipo nilipoikumbuka ile miwani. Baba yangu bila miwani hakuweza kusoma hata jina lake. Miaka yote nilikuwa naiona mfukoni mwake siku ile, nikajiita mtafiti, na sikujiuliza. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Nilimwonea huruma, na nilimwonea fahari pia.

"Na yule mwanawe, alirudi?"

"Hakurudi." Aliokota kisu, akakirudisha chini. "Lakini mama yake ile hadithi aliipenda mpaka anakufa. Alikuwa akisema yule mama wa fundi ana akili, kauliza chakula kwanza, mengine baadaye."

Nilikuwa nawaza sura yangu, namna ilivyokufa. Baba alikuwa anawaza jingine kabisa.

"Mimi nimekaa na hofu tangu siku ile," alisema. "Kwamba mwandishi mwenyewe alimuua huko, na iko siku mtu atatoka mjini na ukurasa wa kweli mkononi, aje aseme karani alimdanganya mama wa watu. Ndiyo maana nakuuliza. Alimalizaje?"

"Hakumaliza, Baba. Alimwacha amekaa juu ya jiwe."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Baba alishusha pumzi. Alitazama kule mteremkoni, kwenye ile nyumba ambayo sasa ilikuwa na wapangaji wengine.

"Basi kwenye kitabu chako andika kwamba huku kwetu alirudi."

Sura ya nne niliiandika upya, mwezi mzima sikumsikiliza mtu habari za kuku. Msimamizi aliponirudishia, wino mwekundu haukuwepo. Mahali palipotoboka zamani nilikuwa nimeweka tanbihi fupi: gazeti lilimwacha fundi mwezini, kule Matombo alirudi. Chanzo: baba yangu, aliyesoma bila miwani.