Hasa Wapi, Mama?

Wakati ule kila mwenye duka Kariakoo alikuwa anapanda ndege kwenda Guangzhou, na mimi nilikuwamo. Safari moja nikaanza kutokwa na damu nikiwa hotelini, mtaa wa Xiaobei. Mambo ya mwezi nilishayaaga zamani. Wenzangu niliokuja nao walikwisharudi Dar, na Kichina changu kilikuwa cha kuulizia bei na kukataa. Mtu pekee wa kunipeleka hospitali na kunitafsiria alikuwa mume wa binti yangu, aliyekuwa wakala wa mizigo mjini pale.

Mkwe! Mtu ambaye nikimsikia tu anapiga hodi, navuta kanga hadi kwenye nyusi.

Daktari, mwanamke wa makamo, akauliza ninaumwa nini. "Mwambie tumbo," nikasema. Mkwe akatafsiri. Daktari akanibonyeza juu ya kitovu, akaanza kuniandikia dawa ya vidonda vya tumbo.

"Siyo huko! Tumbo la chini. Mambo ya kike."

"Anauliza hasa wapi, mama. Na hasa nini."

Hasa, hasa! Nilikasirika, wallahi. Kwetu ukimwambia mwanamke mwenzio "tumbo" kwa sauti ile, anakutandikia mkeka, anakuchemshia maji, na hakuulizi la pili. Neno moja, ameshaelewa yote. Pale lilikuwa kopo tupu. Na chumba chenyewe kidogo, mkwe kasimama baina yangu na mlango, damu inanichuruzika chini ya dera. Nisiposema, nakufa. Nikisema, nitamtazamaje kijana huyu siku ya Idi?

"Natokwa na damu, baba. Ukeni."

Akageukia ukutani. Alitafsiri yote akiwa ameuangalia ukuta, shingo imemtota jasho. Daktari akaweka kalamu chini, akavaa glavu. Mkwe akatoka mbio.

Majibu yalipotoka, alikuja nayo hotelini, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, wamesema ni uvimbe."

"Uvimbe wa nini?"

"Uvimbe tu. Kina mama wengi wanapata."

Nikaona anavyozichezea funguo zake. Hasira zikanipanda upya. "Mimi nimekuambia neno ambalo hata mama yangu nisingemwambia, na wewe unanipa 'uvimbe tu'? Sema ni nini hasa."

"Mama..."

"Sema!"

"Ni saratani, mama. Ya mfuko wa uzazi."

Uvimbe unaweza kuwa chochote. Mwingine huondoka wenyewe. Hili neno jingine lilikuwa hilo hilo tu. Nikatazama mlango, nikatazama dirisha la nondo. Naye, kijana wa watu, alikuwa analia na hajui mikono aiweke wapi.

"Nipe maji, baba," nikamwambia. "Halafu uniambie tena kwamba ni uvimbe."