Kamera ya Kumwonyesha Mzee Banda Lake

Nikipita Mabibo nikaona wanafunzi wamekaa kwenye ngazi za hosteli na laptop zao mapajani, naikumbuka roboti yetu. Ilikuwa kigari kidogo cha magurudumu manne, tulichokiunda mie na rafiki yangu niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, kwa ajili ya mradi wa mwaka wa mwisho.

Mwenzangu alikuwa na sababu yake. Baba yake, mchonga vinyago aliyetoka kusini akajenga Chamazi, alikuwa amepooza upande mmoja. Yeye analala chumba cha uani, banda lake la kuchongea liko kule mwisho wa ua, na tangu augue hakuwahi kulikanyaga. Tulitaka roboti ifike huko badala yake, naye aone kwenye skrini papo hapo.

Kilichotutesa ni kuchagua kamera kati ya mbili. Moja ilikuwa ya mjomba wangu, mpiga picha za harusi. Picha zake, weee! Unaona mpaka nyuzi za mkeka. Nyingine ilikuwa ndogo, ya bei ya chini, picha zake zimefifia kama zimepigwa kwenye moshi. Mie nilishachagua ya mjomba.

Jumamosi moja tukaenda Chamazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Ndo hilo dude lenyewe?"

Tukaifunga kamera ya mjomba, roboti ikatoka uani. Rafiki yangu alikuwa anaiendesha kwa rimoti, macho kwenye skrini. Mzee aliona kuku wake, akatabasamu. Mama, aliyekuwa anafua, alipoona kigari kinamjia akaangua kicheko. Tulikisikia dirishani. Kwenye skrini bado ameinama, anakamua shuka, kanuna. Kicheko kilishaisha ndipo sura ikaanza kucheka.

"Mbona anacheka peke yake, sauti hamna?" mzee akauliza.

"Picha ni nzito, baba, inachelewa kufika," rafiki yangu akasema. Hajamaliza, tukasikia kishindo. Kwenye skrini beseni lilikuwa bado mbali, kumbe huko nje limeshagongwa.

"Nyie watoto! Nguo zangu!" mama akapiga kelele.

Tukaifungua ya mjomba, tukafunga ile ndogo. Mama akainama mbele ya roboti. "Mzee mwenzangu, unaniona?" Safari hii sauti ya dirishani na midomo ya kwenye skrini vilikwenda pamoja. Mzee akanyanyua mkono wake mzima, akampungia.

"Nakuona. Una povu shavuni."

Mama akajifuta hapo hapo. Mzee akacheka hadi machozi yakamtoka, na rafiki yangu akainamia rimoti ili tusimwone uso.

Halafu tukaipeleka roboti bandani. Magogo ya mpingo, vumbi, kinyago ambacho hakijapata miguu. "Simama hapo," mzee akasema, akasogeza uso karibu na skrini.

Hatukubishana tena kuhusu kamera. Chuoni walimu walilalamikia ukungu wa picha, tukaeleza, wakatupitisha. Roboti tuliiacha Chamazi.

Mzee sasa ni marehemu. Nilipokwenda kumpa mama pole, alinishika mkono, akasema, "Alikuwaga ananifuata na lile dude mpaka jikoni, mwanangu, halafu anapaza sauti kutoka chumbani nipunguze chumvi."