Aliyeyalaani Maji ya Kaloleni

Josephat Mwandawiro ndiye aliyekuwa mgawa maji wa mwisho wa mfereji wetu kule Werugha, milimani. Kwa miaka thelathini alifungua na kuziba maji ya mashamba kwa zamu, na hatukuhitaji karani wala polisi. Maji yalipopotea njiani na mwizi asijulikane, Josephat alijaza maji kinywani, akayapuliza mara nne, kisha akasema: "Anayeyanywa kwa siri, koo lake lifungwe." Mwizi alijileta mwenyewe. Aliyedhulumiwa alimtemea mate kifuani, laana ikaondoka, watu wakarudi kupalilia. Vijana wa leo hucheka wakisikia hayo. Wao wana mita.

Mwaka 1974, baada ya Josephat kumzika mkewe, binti yake Jedidah, aliyekuwa muuguzi, alimchukua akaishi naye Voi, katika nyumba yake ya mtaa wa Kaloleni. Nilikuwa nikifanya kazi stoo ya reli wakati huo, na kila Jumapili nilikwenda kumwamkia. Voi nzima ilikuwa ikitoka jasho, lakini chumba chake kilikuwa baridi.

"Zephaniah, hewa ya milimani imenifuata," aliniambia akijisifu. "Nalala kama mtoto."

Mwezi wa tatu tangu ahamie, bili ya maji ilikuja mara kumi ya kawaida. Jedidah alikuwa na mpangaji uani, fundi cherehani aitwaye Ndulu, na wote walitumia mita moja. Akamshtaki mbele yetu.

"Dada, mimi nina karai moja na mke mmoja," Ndulu akasema. "Maji yote hayo nayapeleka wapi? Kwani nafuga kiboko?"

Nilicheka. Josephat hakucheka. Adhuhuri ile ile alichuchumaa mbele ya mita, akapuliza maji mara nne, akasema maneno yake huku akimtazama Ndulu. Mshale wa mita ulikuwa ukizunguka polepole. Hakuna aliyejiuliza kwa nini, ilhali mabomba yote yalikuwa yamefungwa.

Jumanne nikaitwa. Ndulu alikuwa kibarazani akishona kaptura za shule, mzima kabisa. Josephat ndiye aliyekuwa kitandani. Uji ulikuwa ukirudi puani, na sauti yake imebaki upepo.

"Weka sikio hapa," aliniambia, akionyesha sakafu.

Nikapiga magoti. Chini ya saruji kitu kilikuwa kikimeza, kikitulia, kikimeza tena.

Fundi wa bomba alivunja sakafu pale pale chini ya kitanda. Paipu ilikuwa imepasuka kwenye kiungo, na maji yamechimba shimo la kutosha mtu kulala. Yalikuwa safi, yametulia, baridi ya kuuma vidole.

"Mngefunga mabomba mkaangalia mita, mngejua siku ya kwanza," fundi akasema. "Mzee, umekuwa ukilala juu ya kisima!"

Josephat alinitazama. Baridi aliyojisifia miezi mitatu ilikuwa maji yale yale. Yeye ndiye aliyekuwa akiyafaidi kwa siri, bila hata yeye mwenyewe kujua.

Fundi akaziba paipu. Jedidah akaleta dawa za hospitali, hazikupita kooni. Josephat aliomba aitiwe Ndulu, kwa kuwa ndiye aliyedhulumiwa. Akafungua vifungo vya shati, akabaki kifua wazi.

"Nitemee mate, mwanangu. Nimekukosea."

Ndulu akarudi nyuma hatua moja. "Mzee, nimekusamehe, haki ya Mungu. Lakini mimi nimeokoka. Mambo hayo ya mate tumeyaacha. Nitakuombea."

Akaomba kwa muda mrefu, macho amefumba, na nadhani aliomba kwa moyo wote. Josephat alikaa akisubiri, kifua wazi, hata baada ya amina. Kisha Jedidah akamnywesha maji kwa kijiko. Yakatoka pembeni mwa mdomo, yakateremka hadi tumboni.

Alifariki Ijumaa asubuhi. Hospitali waliandika uzee.

Tulipokuwa tukingoja sanduku, Ndulu alikuja, akatuomba tumpishe kidogo. Nilichungulia mlangoni. Alikuwa ameinama juu ya kifua cha marehemu, mashavu yamebonyea ndani, akikusanya mate. Alijaribu tena na tena. Kinywa chake kilikuwa kikavu.